Kimashine kinasema ufa 4.0. Ndiyo kina chake?

FundiMtoni
Assalaam alaykum. Kazini kwetu tuna chelezo cha kupandishia boti, gari lake linapita juu ya reli mbili kuukuu. Juzi nikizipiga brashi ya waya niliona nyufa nyembamba kama nywele juu ya kichwa cha reli ya kusini, zimelala mshazari, zimepangana kama magamba ya samaki changu. Ukipitisha ukucha unakwama. Akaja kijana na kimashine cha edikarenti, cha kupimia nyufa kwa umeme, akakipitisha, kioo kikaandika 4.0. Mkubwa wangu anasema milimita nne si kitu, Jumatatu tupandishe boti ya tani 60. Mie moyo haujatulia. Hiyo nne ni kina kweli?

AmiWete
Waalaykum salaam mwanangu. Nimekagua maungio ya chuma kwenye mitambo ya mafuta ya Ghuba miaka mingi, nakujibu kwa niliyoyashika.

Kwanza, nyufa zako ziko ukingo wa ndani, unaotazama reli ya pili, au wa nje?

FundiMtoni
Wa nje, ami. Reli zilikuja kuukuu kutoka bara, kabla sijaanza kazi.

AmiWete
Basi hizo hazikuzaliwa kwenye chelezo. Magamba yale hutengenezwa na magurudumu ya treni, kwenye pembe ya ndani ya reli, hasa kwenye kona, chuma kikisukumwa na kukandamizwa mara maelfu. Zako ziko nje kwa sababu aliyezitandika huko kwenu aliigeuza reli. Umerithi uchovu wa treni.

Sasa ile nne. Kimashine kina koili ndogo yenye umeme wa kupishana. Ukiiweka karibu na chuma, umeme mwengine huzaliwa kwenye ngozi ya chuma, ukizunguka duara, na kwenye chuma cha reli hauzami hata milimita moja. Ukikuta ufa hauwezi kuruka. Hushuka kwa ukuta mmoja wa ufa, hupita chini ya ncha yake, hupanda kwa ukuta wa pili. Safari ikirefuka, koili inajua. Kwa hiyo kinachopimwa ni *urefu wa ukuta wa ufa*, si kina cha kwenda chini wima. Nyufa za magamba huanza kwa kulala, nyuzi 25 au 30 hivi kutoka usoni. Ukuta wa milimita 4 ukilala nyuzi 30 unashuka milimita 2 tu. Hapo mkubwa wako ana bahati.

Lakini bahati hiyo ina masharti. Ufa ukishazama hubadili njia na kuelekea chini, na kimashine hakikwambii umegeukia wapi. Tena ufa ukipita milimita tano hivi, vimashine vingi huacha kutofautisha: saba na kumi vinasoma karibu sawa. Nyufa zikibanana, umeme wa mmoja unaingia kwa jirani yake. Kutu ikiinua koili nusu milimita, jibu linaharibika.

Muulize kijana alikisetia kimashine kwa chuma gani. Kama ni kipande cha alumini kilichokuja na sanduku, hiyo nne ifute. Chukua kipande cha reli hiyohiyo, kata kwa msumeno mwembamba mikato ya milimita 1, 2 na 4, pima kwa geji, kisha kimashine kisome mikato hiyo kwanza.

BintiBububu
Ami, kwa nini wasitumie mawimbi ya sauti tu? Na hizo reli si za ile treni yetu ya Unguja, ya Bububu, ya 1905?

AmiWete
Soma ubavuni mwa reli mwanangu, kiwanda hugonga jina na mwaka wake pale.

Mawimbi ya sauti ni mazuri kwa kilicho ndani, ila magamba ya juu huyazuia yasishuke, ufa mkubwa ukajificha chini yao. Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, reli yenye nyufa za aina hii ilivunjika vipande zaidi ya mia tatu chini ya treni, watu wanne wakafa. Ndiyo maana siku hizi huunganisha njia zote mbili.

FundiMtoni, boti yako haiendi kasi ya treni, na milimita mbili za kichwani hazinitishi. Kinachonitisha ni kile ambacho hakuna aliyekipima: matundu ya boliti. Umeme wa koili hauoni nyuma ya bamba za kiungio, zile zinazofunga reli na reli. Zifungue. Safisha mpaka chuma king'ae, paka rangi nyeupe nyembamba, weka sumaku ya umeme ya mkono, mwagia wino wa unga wa chuma. Geuza sumaku upime mara ya pili kwa kuikata njia ya kwanza, kwa sababu ufa uliolala sambamba na sumaku hauonekani.

FundiMtoni
Ami, nimerudi. Ubavuni imeandikwa 1958, kwa hiyo si ya Bububu. Maungio manne tumeyafungua. Matatu safi. La nne, upande wa bahari, wino umejikusanya kutoka kwenye tundu la boliti, mstari mweusi mwembamba umekwenda mshazari kama nyuzi 45, urefu wa pingili mbili za kidole changu. Tumeupiga picha na rula pembeni, nimempelekea mkubwa. Boti imebaki majini, kipande kinakatwa kesho.

AmiWete
Alhamdulillahi. Kikikatwa, fungua matundu ya upande wa pili pia.