SOKO LA CHINA "LIMEFUNGULIWA" TANGU 2022, MBONA PARACHICHI ZANGU BADO ZINAPITA MPAKA WA HOLILI?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa bei za mazao, hii hasira ni nyingine kabisa.

Hivi ile itifaki (makubaliano) ya Tanzania kuuza parachichi China iliyosainiwa Beijing Novemba 2022 ilikuwa ya nani? Aisee tulishangilia hapa Moshi, kuna watu waling'oa kahawa ya babu zao kihambani (shamba la nyumbani) wakapanda hass, ile aina ya parachichi ya kuuza nje, sasa miti inazaa na mnunuzi ni yule yule wa siku zote, dalali anakuja na kenta na mizani yake, anachagua anavyotaka, analipa anavyotaka, mzigo unashuka Holili unaingia Taveta na ukishavuka pale umeshakuwa wa Kenya. Wenzetu kontena zao za kwanza za parachichi freshi kwenda China zilitoka Agosti 2022, yaani miezi mitatu tu kabla ya sisi kusaini. Mitatu! Leo wao wanauza, sisi tunawapakilia.

Halafu anatokea mtu redioni anasema "wakulima wachangamkie fursa". Nichangamke vipi mangi?

Maana hamna anayekuja kumwambia mkulima ukweli kwamba soko kufunguliwa ni karatasi tu. Mchina anataka kila shamba na kila pakihausi (pale matunda yanapochambuliwa na kufungashwa) iwe imesajiliwa na forodha yao, anataka uonyeshe unavyopambana na nzi wa matunda, anataka na cheti cha afya ya mimea, usipokuwa kwenye orodha hata ulete tunda la dhahabu halishuki bandarini. Sasa mimi wa Kibosho mwenye kihamba cha robo heka, ndizi humo humo, kahawa humo humo, na mbuzi wa mama, nasajiliwa wapi?

Tukasema sawa, tuungane. Tukaunda kikundi, tukachangishana, tukajaza mafomu. Ikaja kampuni moja (siitaji, sitaki kesi) wamevaa vizibao, wakapiga picha na sisi chini ya miti, wakaondoka na majina yetu na namba za simu. Baadaye tunaambiwa mashamba mchanganyiko ni magumu kukagua, tusubiri. Tunasubiri mpaka leo, simu ya afisa wao inaita mpaka inakata. Ile picha ya kwenye miti ndo iko kwenye ukurasa wao bado, tunacheka kama wajinga.

Na hata usajili ukipatikana, koldrumu (chumba cha ubaridi) iko wapi? Hass likishachumwa bado linapumua, inatakiwa lipoozwe siku hiyo hiyo na likae kwenye ubaridi wa nyuzi kama 5 hivi safari nzima ya meli, ambayo ni wiki kadhaa. Huku kwetu linachumwa asubuhi, linakaa chini ya turubai mpaka jioni likisubiri gari lijae, kisha ndo linaanza kupigwa na mashimo ya barabara. Likifika limeoza mnasema mkulima hana ubora.

Kingine kinachoniuma ni kuvuna machanga. Kenya huwa wanasimamisha kusafirisha kwa meli kipindi matunda hayajakomaa, wanapima kwanza. Huku dalali akishaonja hela ya mapema anapandisha vijana mtini, tunda changa halilainiki, linasinyaa linakuwa kama mpira, mteja wa nje akila hilo mara moja hatakuja kutafuta jina la Tanzania tena. Na kuna wakulima wenzangu wanakubali, najua ada za shule zinabana, lakini jamani.

Wazee wetu walianzisha KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, 1933, hawana simu, hawana WhatsApp, wakauza kahawa yao kwa pamoja. Sisi tuna magrupu kumi ya parachichi na yote yamejaa matangazo ya mbolea.

Kabla hamjaenda kutafuta soko jingine jipya, wekeni koldrumu moja ya umma Hai au Himo ambayo mtu anaweza kupeleka kreti tano akalipia kwa kreti, na mtu wa usajili awe anakuja mpaka kata, sio semina ya hotelini mjini na soda.

Kama kuna mdau anajua pakihausi huku kaskazini inayopokea mzigo wa kikundi chini ya tani na inalipa kwa wakati, aweke hapa hapa hadharani. Madalali msinifuate PM, nimeshawablock wawili.