Raba za bamba la kaboni: tunauziwa kasi ya wengine, miguu inayoumia ni yetu

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoshwa na hizi tathmini za raba za kukimbilia zenye bamba la kaboni, yaani kipande kigumu cha nyuzi za kaboni kilichofichwa ndani ya soli. Kila anayeandika anaimba wimbo uleule: nyepesi, zinarusha, zina kasi. Mguu unaoingia humo ndani hakuna anayeuzungumzia. Mtu kavaa dakika kumi kwenye mashine ya kukimbilia, kapiga picha, katoa nyota tano. Aje kilomita ya 25 tuone nyota ngapi zimebaki.

Nianze na ulimi wa kiatu, maana ndio ulionifanya nifungue uzi huu. Jozi niliyonayo ni ya kampuni kubwa, halisi kabisa, wala si feki. Ulimi wake ni kitambaa chembamba kisicho na sponji hata chembe, na pembeni haukushonwa. Ukishaanza kukimbia unateleza kuelekea upande wa nje, kamba zinabaki zimelala moja kwa moja juu ya mfupa. Ukikaza, kamba zinakata na vidole vinakufa ganzi. Ukilegeza, kisigino kinachomoka. Yaani unachaguliwa pa kuumia. Nikapitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho kabisa la juu ili kisigino kishikwe. Kikashikwa kweli, lakini ukingo wa nyuma, ambao nao wameunyima sponji ili waokoe gramu chache, ukaanza kusaga kano ya kisigino mpaka soksi ikaloa damu. Na hiki ndicho kiatu wanachokiweka rafu ya juu kabisa dukani!

Sasa soli. Povu la PEBA, aina ya plastiki nyepesi inayojazwa kwenye soli, ni laini na linarudisha nguvu, hilo silibishi. Lakini World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, liliweka ukomo wa unene wa milimita 40 kwa mbio za barabarani mwaka 2020, na matoleo mengi ya mbio yamejazana palepale kwenye ukomo. (Kwenye marathoni ya Vienna mwaka 2021 mkimbiaji Derara Hurisa alivuka utepe wa kwanza, akafutiwa ushindi kwa sababu soli yake ilikuwa na sentimita 5.) Kwa hiyo unakimbia juu ya kitu laini chenye kimo cha karibu sentimita 4, halafu kisigino chake wamekichonga kikawa chembamba, na katikati ya soli wamechimba mfereji wa kupunguza uzito. Kata kona kali uone kifundo kinavyoyumba. Mfereji wenyewe unanasa kokoto. Inaingia, inakwama, kila hatua ni tak, tak, tak, hadi usimame uichokoe kwa kidole. Hawa watathmini barabara zao hazina kokoto?

Ila la ulimi na kokoto ni dogo. Kubwa ni hili: kiatu hiki kilipimwa kwa mguu wa nani? Raba ya bamba la kaboni ya Nike, Vaporfly 4%, ilipotoka mwaka 2017, ile asilimia 4 ya kwenye jina ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, uliogharamiwa na Nike. Walipimwa wanaume 18, watu wa kumaliza kilomita 10 chini ya dakika 31, kwenye kasi ya kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Na hiyo ni asilimia 4 ya nishati unayookoa, wala si ya muda, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kukufafanulia. Watafiti wengine walipokuja kupima toleo la baadaye kwenye kasi ya kilomita 10 kwa saa, wastani wa faida ulikuwa chini ya asilimia 1, na wapo waliotumia nishati nyingi zaidi kuliko wakiwa na raba za kawaida. Kilomita 10 kwa saa ni dakika 6 kwa kilomita. Ndiyo kasi ya wengi wetu humu! Tunabeba ulimi mbovu, kisigino chembamba na soli ya kuyumba ili tupate kitu ambacho huenda hatukipati kabisa.

Halafu hilo bamba lenyewe. Kuna watafiti walichukua Vaporfly, wakalikata bamba sehemu ya mbele ili ugumu wake upotee, wakapima upya. Matumizi ya nishati hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Maana yake kazi kubwa inafanywa na povu. Mbona basi tangazo zima ni kaboni, kaboni, kaboni? Povu likishachoka, linalobaki ni ule ugumu unaousikia nyuma ya vidole kila ukikanyaga. Mwaka 2023 madaktari waliripoti wakimbiaji watano waliopata majeraha ya mfupa wa navikula, ule ulio juu ya upinde wa wayo, baada ya kukimbia na viatu hivi. Hawakusema kiatu ndicho chanzo kilichothibitika, walishauri mtu avizoee taratibu. Ushauri huo nimeutafuta kwenye boksi la jozi yangu, haumo.

Adidas walipotoa Adios Pro Evo 1 mwaka 2023, kiatu cha gramu 138 ambacho Muethiopia Tigst Assefa alikimbilia marathoni ya Berlin kwa saa 2:11:53, walisema wazi kwamba kimetengenezwa kwa marathoni moja pamoja na muda mfupi wa kukizoea. Unaweza kukasirika, lakini umeambiwa. Wengine wanakaa kimya, unakuja kugundua mwenyewe mpira wa chini umekwisha na povu limeanza kumegeka.

Kwa hiyo wanaoandika tathmini humu, nawaomba kwa uchungu kabisa: semeni upana wa sehemu ya vidole. Semeni kisigino kinashika au kinachomoka, na mlikimbia kasi gani, umbali gani, lami kavu au iliyolowa. Semeni kilomita ngapi kabla povu halijafa. Na wenye miguu mipana mliopata jozi isiyowachubua, tajeni modeli na namba mliyovaa.