Jiko la plati nne na oveni, fezi moja: waya wa 2.5 unatosha?

Mama_Kigamboni: Habari wakuu. Jiko lina plati nne na oveni, kibandiko cha nyuma kinasema 7.4 kW, 230 V / 400 V 3N. Nyumba ina LUKU ya fezi moja. Fundi anataka kufunga plagi ya pini tatu kwenye soketi ya jikoni iliyovutwa kwa waya wa 2.5 (milimita za mraba). Kutoka DB (boksi la breka) hadi jikoni ni mita 14. Nyuma ya jiko kuna skrubu tano na vipande vya shaba ndani ya mfuko, sijui vya nini.

FundiWaya: Dada, msimamishe kwanza. 7,400 gawanya kwa 230 ni ampea 32. Fyuzi ya plagi hiyo ni ampea 13, mwisho wake wati 3,000 hivi. Fyuzi ikikatika mara mbili tatu, kuna mtu ataziba kwa kipande cha waya, na hapo soketi itayeyuka.

Jiko lipewe sakiti yake peke yake: nyaya tatu za shaba za mm 6 za mraba (laivu, nyutro, ethi), breka ya ampea 32 kwenye DB, na swichi ya jiko ya ampea 45 inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Swichi ikae pembeni, si juu ya plati; moto ukishika sufuria hutaweza kuifikia. Dukani fungua ncha ya waya: mm 6 halisi ina nyuzi 7, kila uzi kipenyo cha mm 1.04. Kwangua kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Usinunue.

Kitopeni: Mm 4 si inatosha? Plati haziwaki zote muda wote.

FundiWaya: Hesabu hiyo ipo: ampea 10 za kwanza, jumlisha asilimia 30 ya zinazobaki, jumlisha 5 kama swichi ina soketi. Hapa, pamoja na hizo 5, inakuja ampea 22 hivi. Ndiyo sababu breka ya 32 inatosha na haihitajiki ya 40. Ila waya unafuata breka, na mm 4 iliyozikwa ukutani ndani ya paipu, kwenye joto la Dar, haibebi 32 kwa usalama.

Mzee_wa_Mita: Vile vipande vya shaba ni madaraja. Kwa fezi moja unaunganisha L1, L2 na L3 pamoja, laivu inaingia hapo. Nyutro na ethi kila moja mahali pake. Fuata mchoro ulio karibu na skrubu, maana mpangilio unatofautiana. Ukisahau daraja, baadhi ya plati zitabaki baridi. Siku ukihamia fezi tatu, yaondoe kwanza, la sivyo fezi zitagongana. Kaza skrubu sawasawa: iliyolegea inachemka na kuunguza kibao chote.

Kingine: kama ethi ya nyumba ni fimbo iliyochomekwa ardhini pekee, breka haitakuokoa. Fimbo ya omu 20 inapitisha ampea 11.5 tu, breka ya 32 haishtuki, huku mwili wa chuma wa jiko una umeme. Lazima iwepo RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya mA 30.

Mama_Kigamboni: RCD ikikata jiko likiwa jipya?

Mzee_wa_Mita: Mara nyingi elementi ya oveni imenyonya unyevu stoo. Washa plati moja moja, kisha oveni, umjue mkosaji, halafu fundi mwenye leseni ya EWURA aipime kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme). Msiiruke RCD hata kwa dakika moja.