Ala ya ilimba ipo kabatini, tunaambiwa "piga kwenye simu"!

Wakuu, natetemeka hapa hata herufi sizioni vizuri. Yule mkufunzi wetu wa muziki hapa chuo cha ualimu, jina sitaji, mnamjua, yule wa projekta, leo kaniumbua mbele ya darasa zima.

Ilimba ipo. Kabatini. Imekaa humo hadi buibui wamejenga ghorofa. Nimenyoosha kidole tu niiguse, nikasikia: "Iache hiyo, utaiharibu. Piga kwenye simu!"

Kwenye simu! Ilimba! Chombo cha kupigwa kwa vidole gumba, vyuma vikwaruze kucha, mtetemo uingie viganjani hadi kifuani, mimi nikasugue kioo? Mzee Hukwe Zawose alitoka Ugogoni na ilimba yake akazunguka nayo dunia. Angeambiwa apige kwenye simu asingefika hata Dodoma mjini.

Teknolojia siichukii. Video ya fundi akivuta na kusukuma vyuma hadi sauti zikae sawa nitaiangalia hata mara 50. Ikiisha nipe chombo! Mwakani nakabidhiwa somo la Sanaa na Michezo, watoto 90, simu ni hii yangu moja iliyopasuka. Wapokezane hadi wahitimu?

"Piga kwenye simu." Mbele ya watu!

Kijiti_Moto: Afadhali yako. Sisi mbio za kupokezana kijiti, 4x100, tumefundishwa kwa slaidi, tumekaa! Na slaidi yenyewe ya kale, inasema eneo la kupokezana kijiti ni mita 20, wakati siku hizi ni 30. Nikafundishe watoto sheria iliyokufa waende nayo UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi?

Binti_Pwani: Mleta uzi kwa hasira hizo ungeivunja kweli. Mkufunzi kaokoa mali ya umma 😂

Mleta uzi: Sijaishika hata! Kidole kimoja! "Piga kwenye simu," kidole kimoja!

Chaki_Vumbi: Na bando la hizo video analipa nani? Somo moja la kuruka juu limemaliza la wiki.

Kijiti_Moto: Nyie mnaruka hata kwa video. Godoro letu la kurukia analalia mlinzi.

Mwalimu_Tarajali: Mlinzi ana godoro? Mimi BTP (mazoezi ya kufundisha) yote nimelala mkekani, panya wanapita kama barabara kuu.

Chaki_Vumbi: BTP ulipangiwa wapi mkuu? Mimi naripoti Jumatatu, vyumba vya kupanga huko bei gani?