Mafindofindo ya mtoto: nisubiri au niende hospitali?

Mama Neema:
Ndugu zangu, binti yangu ana miaka 6 na leo ni siku ya tatu analalamika koo. Jana usiku homa ilifika nyuzi 39. Nilipommulika kooni niliona mafindofindo yamevimba na yana madoa meupe. Maji anakunywa, ingawa kwa shida. Mama mkwe anashauri apelekwe kwa mzee mmoja akakatwe kimeo, nami sitaki kumvunjia heshima wala kumhatarisha mtoto. Je, hali hii ni ya hospitali?

Muuguzi wa Zamu:
Pole, dada. Mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, hasa yakiandamana na mafua na kikohozi, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Lakini homa kali na madoa meupe bila kikohozi, kwa mtoto wa umri huo, humfanya tabibu ashuku bakteria wanaotibiwa kwa penisilini au amoksilini. Wasipotibiwa, baadhi ya watoto hupata homa ya baridi yabisi wiki chache baadaye, nayo huweza kuharibu vali za moyo.

Usiku huu, ukiona anadondokwa mate kwa kushindwa kumeza, hawezi kupanua kinywa, anaongea kama mwenye tonge mdomoni, au anavuta pumzi kwa mkoromo, usingoje kupambazuke. Akifikia hapo usimtie kijiko kooni kumchungulia, kwani njia ya hewa inaweza kuziba; mwache aketi wima mkiwa njiani.

Baba Jabiri:
Mwanangu wa kwanza alikatwa kimeo, akavuja damu hadi akaongezewa nyingine wodini, na koo likaendelea kuuma vilevile. Mwombe mama mkwe akusindikize hospitali, amsikie tabibu mwenyewe. Kwetu ndivyo bibi alivyokubali.

Mama Neema:
Asanteni sana. Hakohoi wala hana mafua. Nimwanzishie amoksilini ya maji iliyobaki ya kaka yake?

Muuguzi wa Zamu:
Hapana, dada. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, na dawa hiyo ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya wiki mbili. Beba kadi ya kliniki pia, maana tabibu akikuta utando wa kijivu kooni atataka kujua kama alimaliza chanjo ya dondakoo.