Tupeane uzoefu: mikoko imewahi kukuokoa, au ilipokatwa ikakugharimu?

Shangazi_wa_Pwani: Nimeona picha ya ukuta wa hoteli umemegwa na bahari, nikakumbuka kwetu. Walifyeka mikoko wageni waone maji, sasa kila bamvua, maji makubwa ya mwezi, wanapanga viroba vya mchanga. Nyie yamewakuta yapi?

Mpemba_halisi: Bonde la mpunga la marehemu bibi limekuwa la chumvi. Mikoko ya mbele iliishia kwenye tanuri za chokaa, bamvua likaanza kupanda mpaka mashinani. Mpunga unaungua ncha kisha unalala. Tukajenga tuta, likavunjika.

Kusi_Mkali: Kwetu hivyo hivyo. Sina la kuongeza.

Nahodha_Mstaafu: Mei 2024, kimbunga Hidaya. Redio ilishatangaza, tajiri wa chombo akang'ang'ania tutoe nyavu kwanza. Upepo ulipokaza tulikuwa kwenye delta ya Rufiji, kurudi Mafia haiwezekani. Tukaingia kijito, tukasonga mpaka matawi ya mikoko yakakutana juu yetu, tukafunga kamba kwenye mashina pande zote mbili. Bahari unaisikia nje inanguruma, lakini pale ndani maji yanapanda na kushuka tu, hayavunji. Mawimbi yakifika kwenye ile mizizi yanakwisha nguvu. Usiku wa manane kitu kikakoroma ubavuni. Kumulika tochi: kiboko! Naye kaja kujibanza. Kijana wetu mmoja akaanza kutoa shahada. Hakuna aliyethubutu kukohoa mpaka alfajiri. Mtumbwi wa jirani ulioachwa ufukweni, pale palipofyekwa, tulikuta mbao.

Dogo_wa_Tanga: Kiboko maji ya chumvi? Acha fiksi mzee.

Nahodha_Mstaafu: Delta ile wapo tele. Toka kwenye simu utembee, mwanangu.

Bi_Mkunga: Mie nimebaki kwa huyo kiboko. Hakuwagusa kweli?

Mkata_Boriti: Mnasifu mikoko mmelala kwenye nyumba za bati. Dari za Lamu mjini zimeshikwa na boriti za nini? Ukataji ulipofungwa 2018 sikupewa kazi nyingine.

Kwale_Damu: Gazi, kijiji cha huku Kwale, wanauza hewa ya ukaa inayonyonywa na mikoko yao tangu 2013, pesa inaingia kwenye maji na shule.

Mkata_Boriti: Mradi wenyewe hekta 117. Pesa ya kijiji nitapikia wanangu?

Shangazi_wa_Pwani: Kaka, hapo una haki. Lakini ungekata kwa zamu pangekuwa na cha kufunga?

Msinzi_Mkavu: Na msiifanye kinga ya kila kitu. Kwenye hori la Mwache, Mombasa, mvua za Elinino za 1997/98 zilishusha tope kutoka bara likafukia mizizi. Mikoko ikafa imesimama. Wa bara wakilima ovyo, sisi tunazikwa.

Kusi_Mkali: Naam.

Dogo_wa_Tanga: Basi tupande. Mkoko unachomeka tu mche wake kwenye tope, mbele kabisa.

Mpemba_halisi: Mbele ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko! Kwetu walikuja watu na fulana mpya, wakachomeka mikoko kwenye mchanga mtupu, wakapiga picha. Bamvua la kwanza yote ikaelea.

Kwale_Damu: Msipande kabisa. Zibueni mkondo ulioziba, mbegu zitajileta zenyewe.

Bi_Mkunga: Pandeni, ila fungeni mbuzi kwanza. Jani la mchu, nao ni aina ya mikoko, kwao ni pilau.

Mkata_Boriti: Na huko kuzibua mikondo, mnalipa kibarua shilingi ngapi kwa siku?