Dogo asome udaktari au kompyuta? Nipingeni

Tabibu wa Zamu: Wakuu, mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na matokeo yamekaa vizuri. Nyumbani wameshaanza kumwita "dokta". Mwenyewe anataka sayansi ya kompyuta. Juzi mzee kanipigia: "Wewe uko hospitali, ongea na mwenzio." Mimi ni tabibu wa kituo cha afya, huu mwaka wa tisa, na nimekataa kumshawishi. Hoja yangu hii hapa, ipigeni mawe.

Udaktari kwetu Tanzania ni miaka mitano ya chuo, kisha mwaka wa utarajali, yaani mafunzo kwa vitendo hospitalini. Sita hiyo. Mzee anakumbuka enzi za kumaliza chuo na kupangiwa kituo moja kwa moja. Siku hizi unaomba kwenye mfumo wa ajira, unasubiri vibali vitoke. Mwaka jana alikuja kwetu kijana mwenye MD yake, shahada ya udaktari, anajitolea. Nauli ya bodaboda alikuwa anapewa na dada yake anayeuza vitenge. Asubuhi anapitia wodi, mchana anakula mihogo na sisi, simu ikiita anatoka nje kwanza. Baadaye nikajua ni nyumbani: wanaulizia ada ya mdogo wake. Kwao daktari ameshapatikana, imebaki kutuma tu.

Kama nyumbani wana njaa leo, hiyo miaka sita ni mirefu mno.

Fundi Programu, Dar: Tabibu, usimdanganye dogo. Nimemaliza kompyuta 2019. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubadili wino wa printa kwenye ofisi moja Kariakoo, laki tatu kwa mwezi, na mwezi wa pili hata hiyo haikutoka. Kazi yenyewe nilijifunza usiku, kwa bando la usiku, na laptopu ya mtumba isiyokaa na chaji. Sasa tangu ChatGPT, ile programu ya akili bandia, itoke mwishoni mwa 2022, vile vikazi vya kuanzia, tovuti ya shule, fomu ya kujisajili, mteja anajaribu mwenyewe kwanza. Nyie mgonjwa hawezi kuwaambia "nitajitibu".

Tabibu wa Zamu: Wananiambia kila siku! Wanakuja wameshameza nusu dozi kutoka duka la dawa, nusu nyingine wamempa jirani.

Daktari, Mombasa: Msidhani huku Kenya ni afadhali. 2024 tuligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Donda lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, walio kwenye utarajali: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Za Kenya, kabla hamjacheka. Hata hivyo nampinga Tabibu. Sisi tuna chama, tuna mkataba ulioandikwa, na tukiweka chini vifaa nchi nzima inajua kufikia jioni. Fundi, ule mwezi wa pili ulipodhulumiwa, uligoma na nani?

Fundi Programu, Dar: Niligoma peke yangu. Nilipofika kesho yake kitasa kimebadilishwa.

Mama wa Watatu: Na mkopo je? Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na kozi ndefu ndiyo deni kubwa. Mbona hamsemi asome ile ya mifumo ya taarifa za afya, ashike kote kuwili?

Tabibu wa Zamu: Mama, hiyo ya kushika kote kuwili naiogopa. Mfumo wetu wa kompyuta ukilala, tunarudi kwenye makaratasi, foleni inafika hadi kwenye mwarobaini, na kijana wa mifumo ni mmoja kwa wilaya nzima. Anahitajika sana, kweli. Lakini kuhitajika na kuajiriwa ni vitu viwili, yule mwenye MD anajua.

Daktari, la kugoma umenibana. Sina jibu, maana nilikuwa nahesabu miaka na mshahara tu, sikuwaza ukidhulumiwa unasimama na nani.

Jana usiku nikampigia dogo mwenyewe. Nikamwambia kama kweli ni kompyuta, nionyeshe ulichotengeneza. Katuma picha: daftari la madeni la genge la mama, kaligeuza programu kwenye simu. Sukari robo, sabuni kipande, jina, tarehe. Ilikuwa na kosa moja: ukilipa nusu, inafuta deni lote. Aliyeligundua ni mama, baada ya wateja wawili kushukuru kupita kiasi. Dogo hakulala mpaka karekebisha.

Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa, na mzee bado sijampigia. Endeleeni.